Kitete cha Mwaitu Chini ya Kilimanjaro

Nimechoka kusimulia. Tangu turudi, kila anayeingia hotelini kwangu hapa Mutomo anaagiza chai, anakaa, na kabla hajakoroga sukari ananiuliza, "Haya Mumbua, theluji mliishika?" Nikianza kueleza chapati zinaungua, mteja wa nyuma anagonga meza, na yule aliyeuliza anaondoka kabla sijafika hata Ikutha. Kwa hivyo nimekaa nikaandika. Anayetaka habari asome, anayetaka chai aagize chai.

Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu Musyoka aliyeendesha pikapu, na Mwaitu. Mwaitu ni mama yangu. Sisi Wakamba ndivyo tunavyomwita mama, na siku hizi soko zima linamwita hivyo. Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi tu, kwa hivyo maneno yake mengi nimeyatoa kwenye Kikamba, na kama nimeyapunguza makali mtanisamehe.

Tulikuwa tunaenda kwa mdogo wangu Kalekye. Ameolewa Oloitokitok, chini kabisa ya Kilimanjaro, na Mchagga anayeitwa Elia, mkulima wa vitunguu. Mwaitu hakuitaka ndoa ile. Hakuwa na ubaya na Elia, shida yake ilikuwa mahali penyewe. "Mahali maji yanageuka jiwe, mtu anaishi vipi?" alisema, na akaapa kwamba hatakanyaga huko. Kalekye akazaa mara ya kwanza, mtoto akafa kwa kifua kabla hajajua kukaa. Akazaa tena, ikawa vilevile. Mara zote mbili Mwaitu hakwenda. Kisha mwezi uliopita dereva wa lori la vitunguu akatuletea salamu: Kalekye amejifungua tena, msichana, na anamwomba mama yake aje.

Mwaitu alisikiza salamu zile akiwa anachambua mbaazi. Alizimaliza zote, akainuka, akaniambia, "Mwambie Musyoka aangalie magurudumu."

Mtoni

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mtoni, amepiga magoti mchangani. Mto wetu mnaujua, mwaka mzima ni mchanga, na kila mama ana kisima chake alichochimba na kukizungushia miiba. Mwaitu alikuwa anateka maji yake kwa kata, pole pole, na kuyatia ndani ya kitete, kile kibuyu chake kidogo cheusi cha shingo ndefu alichorithi kwa mama yake.

Kwao Mwaitu wana desturi moja. Mjukuu akizaliwa, bibi mzaa mama ndiye humwosha kwa mkono wake, na maji yawe ya kisima alichochimba bibi mwenyewe. Kabla ya hapo bibi hambebi mtoto. Mimi niliogeshwa hivyo, na watoto wangu wote wanne. Wale wawili wa Kalekye hawakuogeshwa.

"Usimwambie Musyoka," akaniambia. "Atacheka, halafu atawaambia watu wa kanisa."

Mwaitu ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na mchungaji wetu haelewani na mambo ya kale. Nikamuuliza kama haogopi. Akaniangalia vibaya. "Ni maji tu. Kwani Yohana alibatiza watu kwa soda?"

Akaziba kitete kwa gunzi la hindi, akakifunga kwa leso na kukipakata. Aliposimama nikaona macho yake yamelowa. Kwa kinywa chake hakuwahi kusema kwamba anajilaumu kwa wale watoto wawili, lakini mimi ni mtoto wake, najua.

Mutomo hadi Kibwezi

Safari ilianza vizuri kwa muda wa kumaliza muwa mmoja. Karibu na Ikutha gurudumu likatoboka. Musyoka akatoa la akiba, nalo halina upepo. Tukalipeleka kwa fundi wa kuziba, na fundi alikuwa ameenda matangani. Tukangoja. Nilikula mandazi ya pale, na kwa heshima ya wenye mandazi sitayataja zaidi, ila ukimtupia mbuzi lile andazi atalia.

Mwaitu hakusumbuka na kungoja. Alikuwa na kazi yake. Kila aliyepita alimsimamisha, akamsalimu vizuri, akamuuliza, "Wewe umewahi kuona theluji?" Mwalimu mmoja akamwambia ni kama chumvi. Mama mmoja wa kuuza maembe akasema ameambiwa ni kama pamba, ila inaunguza. Utingo wa lori akasema, "Mama, umeshaona ndani ya friji ya baa? Ni hiyohiyo, ila hakuna pombe." Mwaitu aliwashukuru wote, akawa anazipanga habari zile kichwani.

"Chumvi, pamba, friji," akaniambia. "Hakuna hata mmoja aliyeiona."

Tulipofika kwenye kijito kikavu kabla ya mto Athi, lori la makaa lilikuwa limezama mchangani na kufunga njia. Wanaume wote wakashuka kusukuma, kila mmoja akitoa amri na hakuna anayetii. Liliponasuka lilirusha mchanga wote kwa Musyoka. Alirudi garini amebaki macho na meno. Mwaitu aliyekuwa na lita nzima ya maji mapajani alimwangalia, akanipa kanga nimpanguse kavu kavu. Musyoka akaona ajabu, lakini akanyamaza, maana ni mkwewe.

Kibwezi tukalala kwa binamu ya Musyoka. Asubuhi Musyoka, aliyekuwa amejipa cheo cha mjuzi wa njia, akasimama katikati ya uwanja na kunyoosha mkono kwenye vilima vya Chyulu. "Mwaitu, ona! Kilimanjaro hiyo!"

Mwaitu akatazama. Vilima ni vya kijani kutoka chini mpaka juu.

"Na nyeupe iko wapi?"

Musyoka akakuna kichwa. "Jua limekuwa kali wiki hii. Imeyeyuka."

Binamu yake alicheka mpaka akakaa chini. Mwaitu hakucheka. Alisema pole pole kwamba kama dereva hajui mlima anaoenda, basi tumwombe Mungu atuongoze yeye, na tukaomba kweli, dua ndefu.

Makindu, na ndengu za wenyewe

Makindu kuna hekalu la Makalasinga ambapo msafiri yeyote hulishwa bure. Nilikuwa nimesikia, lakini mimi nina hoteli, na mambo ya chakula cha bure huwa siyaelewi. Musyoka akabaki nje chini ya gari kuangalia sauti fulani, mimi na Mwaitu tukaingia.

Mlangoni unavua viatu na kufunika kichwa. Mwaitu alipenda sana, maana alishajifunga kilemba chake cha kanisani. "Hawa wana adabu," akasema. Akataka kuonyeshwa mwenyekiti wao wa akina mama.

Mzee mmoja wa kilemba na ndevu nyeupe alitukaribisha kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Kisha macho yake yakakwama kwenye kitete. Akaja karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, samahani. Hapa pombe haiingii."

Jamani. Mnajua Mkamba akionekana na kibuyu watu wanafikiria nini. Nilipomwambia Mwaitu maneno yale niliogopa, kwa sababu uso wake ulifura. Alifungua leso, akatoa lile gunzi, akamsogezea mzee kitete mpaka puani.

Mzee akanusa. "Ni maji."

"Maji ya kisima changu," akasema Mwaitu kwa Kiswahili chake. "Ya mtoto."

Nikaeleza ni ya mjukuu, na tunayapeleka wapi. Nilifikiri mzee atacheka. Hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasema mama yake alipovuka bahari kuja huku akiwa bibi harusi alikuwa na chupa ya maji ya kwao sandukuni, na hakumruhusu mtu kuigusa. Mwaitu alipotafsiriwa akauliza, "Na yaliishia wapi?" Mzee akajibu, "Aliniosha mimi nayo." Basi wakawa marafiki. Mwaitu alishika mkono wa yule mzee akautikisa mpaka nikamwambia amwache.

Chakula kilikuwa chapati na ndengu. Ndengu! Tumetoka kwetu, tunakozilima, kuja kulishwa ndengu. Wao huziponda mpaka hujui kama zilikuwa na maganda, kisha wanatia tangawizi na viungo sijui vingapi. Mwaitu alionja, akafunga macho, akatoa hukumu kwamba zimeteswa. Halafu akaongezwa mara mbili. Chapati zao, niseme ukweli, zinashinda zangu kwa wembamba, na mkimwambia mtu nimesema hivyo nitakataa. Kuondoka tuliwaachia kopo la ndengu zetu tulizokuwa tunampelekea Kalekye, kwa sababu Mwaitu alisema hali kwa watu akaondoka mikono ikining'inia.

Emali kuelekea kusini

Emali chai ilikuwa na moshi. Nasema hilo kisha naliacha.

Hapo unaiacha lami, na njia ya kwenda Oloitokitok ni mawe na vumbi. Gari lilianza kulia kila mahali. Uwanda ni mpana, jicho halina pa kushika, na Mwaitu alikuwa ametoa kichwa dirishani akiuliza majina ya vitu. Huyo ni nyumbu? Kile kichuguu nani anakaa? Mbona hawa ng'ombe ni wengi na nyasi ni chache? Nilifurahi kumwona hivyo. Tangu baba afe nilikuwa sijamwona mama yangu akiuliza maswali mengi namna ile.

Kisha moshi ukatoka mbele ya gari. Musyoka akasimama, akafungua boneti, mvuke ukampiga. "Imechemka," akasema. "Tungoje ipoe, niongeze maji."

Tulipokuwa tunangoja, twiga watatu wakatokea nyuma ya migunga. Mwaitu hajawahi kuona twiga kwa karibu. "Mumbua, twende tuwaone," akasema, na tayari alikuwa ameshuka, anatembea haraka kuliko mimi. Kwa mara ya kwanza tangu mtoni alikuwa ameacha kitete, amekilaza vizuri chini ya kiti. Tulikaa na wale twiga kitambo. Mwaitu alitaka kujua wakinywa maji yanapandaje kooni.

Tuliporudi boneti ilikuwa imefungwa. Musyoka alikuwa anafuta mikono, anapiga mluzi. Juu ya bawa la gari, pale juu ya gurudumu, kilikuwa kitete, wazi, na gunzi kando yake.

"Bahati, Mwaitu, ulibeba maji," akasema. "Debe langu limepasuka njiani, halikuwa na tone."

Mnajua sisi wa huku tunavyosafiri: hakuna gari linaloondoka bila maji ya rejeta, na chombo chochote kilicho garini ni cha rejeta mpaka uambiwe vingine. Hakuwa ameambiwa vingine. Mwaitu alichukua kitete, akakigeuza. Tone moja likaanguka vumbini. Akaketi pale pale kando ya njia, akajifunika uso kwa leso, akalia.

Nilimvuta Musyoka nyuma ya gari nikamweleza yote. "Sasa mbona hamkuniambia?" akasema. "Mumbua, mimi ningekunywa vumbi kabla ya kugusa maji yale." Na najua angefanya hivyo.

Mchungaji mmoja wa Kimaasai akapita na ng'ombe wake, akasimama kwa fimbo yake, akamwangalia Mwaitu.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekufa. Ni maji yake yamemwagika."

Mwingine angecheka. Yeye alitikisa kichwa, akamsogelea mama yangu, akamwambia, "Pole sana, mama. Pole sana." Kisha akatuonyesha kwa fimbo upande wa kusini, kwenye ukuta wa mawingu, akasema huko mbele maji ni mengi, yanatoka mlimani. Akawapigia ng'ombe mluzi akaenda.

Mwaitu alipoinua kichwa alisema turudi Mutomo akachote mengine. Musyoka akaeleza kwa unyenyekevu wote kwamba gari halitamaliza safari mara mbili. Mwaitu akafikiri. "Kule ndani ya gari kuna mfereji wa kuyatolea maji yangu?"

"Upo, chini."

"Fungua."

Musyoka akalala chini ya gari akafungua kidogo. Yakatoka maji mekundu ya kutu, yenye mafuta, yananuka. Mwaitu aliinama akayaangalia kwa makini.

"Funga," akasema.

Alipanda garini. Tulipoanza kwenda aliongea mara moja tu. "Nitamwona mtoto. Lakini sitamshika. Vifo vya wale wawili vinanitosha." Hakuuliza tena jina la kitu chochote, na mimi nilitamani aulize hata jina la jiwe.

Oloitokitok, jioni

Baridi ilitupokea kabla ya wenyeji. Ilikuwa inaingia kwa mikono ya nguo. Nilimuuliza mtu wa kwanza njiani, "Mlima uko wapi?" Akaonyesha mbele yetu. Mbele yetu palikuwa na wingu. "Wapi?" "Hapo, dada. Mmesimama juu yake." Musyoka akajifanya anakagua magurudumu.

Elia alitoka mbio shambani, mrefu, mwenye matope mpaka magotini, akafungua mikono miwili kumkumbatia mkwewe kama wafanyavyo kwao. Mwaitu akapiga yowe, akajificha nyuma yangu. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe, kabla hawajazoeana kama Mwaitu na Musyoka, wanaheshimiana kwa umbali: hawagusani, hawatazamani usoni, na mama mkwe haingii ovyo nyumbani mwa mkwewe. Elia akabaki na mikono hewani. Maskini, alifikiri anachukiwa.

Kalekye akatoka na mtoto ndani ya blanketi. Alikuwa amekonda. Alimsalimu mama yake kwa kupiga goti, kisha akamnyooshea mtoto.

Mwaitu akaingiza mikono yote miwili chini ya leso.

Sijawahi kuona uso ukivunjika kama wa Kalekye. "Hata huyu, Mwaitu?" akasema. "Hata huyu humtaki?"

"Namtaka," Mwaitu akajibu. "Nimekuja mikono mitupu. Mume wa dada yako amelinywesha gari maji yenu."

Nikaeleza mimi, maana mama alikuwa ameshindwa. Kalekye akamkumbatia mtoto kifuani na kusema jambo ambalo sikulitarajia. "Mimi hata sikujua kama ungeyaleta. Na niliogopa ukiyaleta. Maji baridi, Mwaitu, kwa kifua cha mtoto, hapa." Wote wawili wakawa wanalia, mmoja kwa kukosa maji na mwingine kwa kuyaogopa.

Mwaitu alikataa kuingia ndani. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, amejifunga mablanketi. Elia hakuelewa, lakini alibeba makaa akamwashia moto pale nje, akarudi nyuma hatua nyingi. Kalekye alikuwa amemfundisha haraka haraka. Chakula kilikuwa ndizi mbichi zilizopikwa na nyama. Ndizi, na nyama, sufuria moja! Kwetu ndizi ni ya mtoto anayelia. Nilikula kwa adabu, kisha nikala kwa njaa, kisha nikaomba nifundishwe. Mwaitu alikula kidogo, akalala katika kibanda cha jiko, karibu na moto, akiwa na kitete kitupu kando yake.

Mlima ulipotoka

Aliniamsha kwa kunivuta mguu. Kulikuwa kumepambazuka. "Mumbua. Toka nje. Toka uone."

Nikatoka. Wingu lilikuwa limeondoka lote. Mlima ulikuwa umejaa mbele yetu, na mimi nilikuwa nautafuta chini kumbe ni wa kutazamwa kwa kuinua shingo. Juu kabisa ilikuwa nyeupe, jua limeigusa upande mmoja ikawa na rangi ya uji wa wimbi wenye maziwa. Nilisema, "Wooi." Musyoka alivua kofia.

Mwaitu alitazama kwa muda mrefu. Nilifikiri anaomba. Kumbe alikuwa anakasirika.

"Yale yote juu ni maji?" akauliza.

Elia alikuwa amesimama mbali, ametupa mgongo kwa heshima, anajibu akiutazama uzio. "Mwambie mama ni maji. Yameganda."

"Yamekaa tu?"

"Mengine yanayeyuka. Yanashuka."

"Aiya! Mimi tangu nikiwa msichana ninachimba mchanga kwa mikono, nimezaa nachimba, nimezika mume nachimba, na maji yote haya yamekaa juu yanaota jua?" Aliukunjia mlima ngumi. Musyoka akaanza kucheka, nikamkanyaga. "Hayo yanayoshuka yanapita wapi?"

Elia akaonyesha bila kugeuka. Nyuma ya vitunguu palikuwa na mfereji mdogo, maji yanaenda kasi, safi hata unahesabu kokoto. Mwaitu akaenda. Akatia kidole, akakitoa haraka, akakitazama, akakitia tena. Alionja. Akachuchumaa pale. Kisha nikaona ameanza kukunja mikono ya sweta.

Hakuchota mferejini. Alisogea pembeni, palipokuwa na mchanga mweusi, akapiga magoti na kuanza kuchimba. Alichimba kama anavyochimba kwetu, kwa viganja, akitupa mchanga upande wa kushoto, akipapasa kuta zisimong'onyoke. Kalekye akatoka na mtoto akasimama nami. Maji yakaanza kuingia shimoni, machafu. Akayatoa. Yakaingia tena. Akayatoa tena. Kisha akakaa, mikono mapajani, akangoja yatulie.

"Mwaitu," Kalekye akaita, "hayo si ya kwetu."

"Hata kule mtoni sikuyaumba mimi," akajibu bila kugeuka. "Nilichimba tu. Hiki nimechimba mimi. Ni kisima changu."

Yalipokuwa meupe akateka kwa kata ya Kalekye. Kisha akasimama, akatembea moja kwa moja mpaka jikoni na kuyatia kwenye sufuria, juu ya moto.

Mimi nikashtuka. "Mwaitu, desturi ni yatumiwe yalivyotoka."

"Desturi ilitoka mahali pa joto," akasema. "Leta beseni."

Alipima kwa kiwiko, akapima tena, akamwita Kalekye apime na yeye. Kalekye alipotia mkono akaanza kulia upya, ila sasa alikuwa anacheka pia. Akamfungua mtoto na kumpa mama yake. Mwaitu akampokea kwa mikono miwili. Alimwosha kichwa, akamwosha kifua, kifua akakirudia tena na tena, akimwambia maneno ya Kikamba ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtoto alilia kwa sauti iliyomtoa mbwa chini ya ghala.

"Sikia mapafu hayo," akasema Mwaitu. "Huyu anabaki."

Elia alikuwa bado anautazama uzio. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Mwaitu akamvika mtoto, akamtazama mkwewe yule mgongoni, akaniambia, "Mwambie ageuke. Ameangalia miti ya kutosha."

Kurudi

Tulikaa wiki nzima. Mlima ulijionyesha asubuhi na kujifunika kabla ya chai ya saa nne, na Mwaitu kila siku alikuwa nje kuukagua kama umepungua. Theluji yenyewe ni mbali sana, Elia alisema ni siku za kupanda, na magoti ya Mwaitu hayana habari hizo. Siku ya kuondoka alikijaza kitete kutoka kwenye kisima chake cha mchanga mweusi. Kalekye alikuwa amekizungushia miiba tayari.

Musyoka alibeba madebe matatu ya rejeta, na kabla ya kugusa chombo chochote alikuwa anauliza kwa sauti, "Haya ni ya nani?" Hata hivyo gari halikuchemka tena. Mwaitu anasema halitachemka, kwani limeshabarikiwa, na sasa anapopita karibu nalo huligonga bawa akiliita mjukuu.

Jioni tuliyofika hakupitia hata nyumbani. Alishukia mtoni. Kisima chake kilikuwa kimejaa mchanga, akakichimba upya, akangoja yatulie. Kisha akang'oa lile gunzi na kumimina maji yote ya mlimani mle ndani.

"Mwaitu! Umeyabeba njia yote hiyo uje kuyamwaga?"

"Sijamwaga," akasema. "Kalekye ameahidi kuleta mtoto akianza kutembea. Nataka akinywa hapa asione ugeni."

Alikoroga kwa kata, akanywa, akanipa nami nikanywa.

Kwa hivyo nyinyi mnaoniuliza kila siku, nawajibu mara moja: theluji hatukuishika. Lakini maji ya hoteli yangu hutoka kisima kile cha Mwaitu, na chai mnayoiacha ipoe mkiniuliza maswali imepikwa kwa maji hayo.